Wacha Giza Ikae Giza: Kuchapa Boti Pixi Vasha Ngware

Cheki Gramu yako saa hii. Skroo kidogo tu. Kuna boti, kuna maji, na kuna sanset ya rangi ya Fanta. Kila msee akifika mahali kuna maji anachapa hiyo pixi, halafu anairushia filta mpaka samaki wenyewe wanakaa wameshapikwa. Si mbaya. Mathe ataipenda, na yule dem ulimtumia ataweka moyo. Lakini ukiuliza watu waliisorora sekunde ngapi, jibu ni moja, na hiyo ni kama bando zilikuwa slow.

Mimi nadai tubonge kuhusu ile ingine. Boti moja, maji yametulia tuli, anga imekunja sura, rangi zimezimika, na huelewi kama ni asubuhi, ni jioni, ama kuna mvua iko njiani. Hiyo msee anaifikia anasimama. Anaongeza brightness ya fon, anairudisha, anaangalia tena. Hakuna filta inaleta hiyo kitu. Inaletwa na kurauka, kuingia baridi, na kukubali giza ikae giza. Hapo kwa giza ndio wasee wengi wanachomea. Ikishaonekana nyeusi mahali kwa pixi wanashtuka, wanavuta kila slaida juu, na kitu kilikuwa na siri kinabaki kama picha ya kitambulisho.

Tuanze na kalenda. Juni, Julai na Agosti Kanairo inakuwanga na lile wingu la kijivu limekaa juu ya mabati kama karao kwa rodibloku, halitoki hadi litoe kitu. Watu wanalia. Wasee wa kamera nao wanaweka kamera kwa begi ati wanangojea jua lirudi Septemba. Manze, hiyo ndio season yenyewe! Wingu likitanda linatawanya mwanga, vivuli vikali vinaisha, na maji yanachukua rangi ya anga bila kumetameta. Jua la mchana likipiga kwa maji unapata vijipande vya nyeupe elfu moja vinapigana na boti yako. Wingu linavifuta vyote bure, hulipi kitu.

Na kama unadhani kijivu haiuzi, skia hii. Novemba 2011 huko New York, pixi ya Mjerumani anaitwa Andreas Gursky iliuzwa kwa mnada dola milioni 4.3. Inaitwa Rhein II. Ndani kuna nini? Mto wa kijivu, anga ya kijivu, nyasi kijani, basi. Hata boti hakuna. Wapita njia na jengo la kiwanda lililokuwa ng'ambo aliwafuta kwa kompyuta. Hiyo bei ni wazimu ya matajiri, tusidanganyane. Lakini kijivu chenyewe hakina makosa.

Sasa, mahali. Kwa msee wa Kanairo mwenye hana doo ya kuruka Lamu, jibu ni Vasha, yaani Naivasha. Ni kama kilomita 90, mathree ziko Nyamakima na River Road, na ni ziwa la ukweli, si ile bwawa ya kukodisha kwa nusu saa. Lakini lala huko. Kuna wasee wanajichocha ati watatoka Githu saa tisa usiku wafike na mwanga. Barabara ya kushuka Rift usiku, na malori, na ile ukungu ya Kimende, si ya kuchezea juu ya pixi. Ingieni na mbogi jioni, mchukue keja moja Karagita ama Kamere, pale tutachapia, mgawane, mdoz mapema. Na usijione shujaa ukitoka kitu saa kumi na moja asubuhi. South Lake Road tayari ina mabasi ya mashamba ya maua yanabeba watu kazi, na hao wanafanya hivyo kila siku bila kupost.

Nguo: Vasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na Julai ngware inaweza shuka chini ya nyuzi kumi. Hudi ya mtush, mavin, gambuti kama unazo. Luku baadaye. Vidole vikishaganda hutaweza hata kubonyeza skrini, na glavu nyingi hazisomeki kwa fon.

Kamere ni bichi ya umma. Usitarajie mchanga na miavuli. Kuna mabanda ya kukaanga samaki, kuna tope, kuna marabu, wale ndege wa raundabauti ya Nyayo, wamesimama wakingojea matumbo ya samaki. Kuna boti nyingi zimebanana, na hapo ndio kazi inaanzia, juu boti ishirini si pixi ya boti, ni stage ya mathree. Tembea ukingoni mpaka upate moja imejitenga.

Nikuambie ile napendanga. Boti ya faiba, bluu iliyochapa, imefungwa na kamba ya nailoni kwa mti uliokufa ndani ya maji. Iyo miti ni ya ziwa kupanda: maji yalifura mbaya 2020 yakameza migunga iliyokuwa nchi kavu, na vigogo vimebaki vimesimama uchi. Ndani ya boti kuna jerikeni imekatwa nusu ya kutolea maji, lifujaketi ya orenji imepauka, na magamba ya samaki yamekauka kwa ubao wa kukalia. Namba ya usajili imepakwa kwa brashi, na nambari ya mwisho rangi ilitiririka kabla ikauke. Alafu ile kamba. Haijakazwa. Imelegea, imeshuka kwa maji, na pale inagusa, kivuli chake cha kwa maji kinaanzia hapo hapo, mpaka kamba na kivuli zinatengeneza pembe moja safi. Hiyo kamba ndio kipimo changu cha upepo. Ikiwa imelegea hivyo, hakuna kitu inavuta, maji ni kioo, chapa. Ikikazwa, rudi kwa banda uitishe chai na ndazi, siku hiyo ziwa limekataa.

Na upepo una ratiba yake. Usiku ardhi inapoa, hewa inatulia, so ngware maji yanakuwa yamelala. Jua likishapasha ardhi joto, upepo unaanza kutoka ziwani, na ikifika saa nne asubuhi kioo kimeshavunjika. Mchana Vasha inaweza chafuka ghafla mpaka makapteni wenyewe wanarudi ukingoni. Wale wanakuja saa nane na kamera za maana, wanatoka na pixi za maji yamekunjamana, halafu wanalaumu lensi.

Kitu ingine wasee hawachanuki: sisi tuko ikweta, na ikweta haina huruma na mwanga. Vasha iko chini ya digrii moja kusini. Jua huku linapanda wima, halizunguki zunguki. Kutoka ule wakati unaanza kuona vizuri mahali unakanyaga hadi jua litokee ni dakika ishirini na kitu tu. Wasee wa Norwe majira ya joto wanapewanga mwanga wa aina hiyo masaa kwa masaa, wanatafuta engo, wanakunywa kahawa, wanarudi. Wewe ukianza kutafuta tripodi kwa begi, imeisha. So fika kukiwa bado giza, boti ukishaichagua jana yake jioni. Naivasha ina kabonasi kamoja: mashariki kuna ule ukuta wa Kinangop, na jua linachelewa kuuruka. Kalenda inaweza kuwa inasema limetoka, karibu saa kumi na mbili na nusu, na wewe bado uko kwa kivuli, anga juu imeshapata rangi na maji chini bado ni ya usiku. Hizo dakika chache ndio nafuata huko. Sijawahi ona filta inaziigiza.

Na kama ngware ina ukungu, tulia, usiitukane. Hewa baridi ikilala juu ya maji ambayo bado yana joto ya jana, unaona moshi unatambaa kwa uso wa ziwa. Boti inaelea hapo haina chini. Ng'ambo imepotea. Hapo hata msee wa simu ya mulika mwizi akipewa kamera anatoka na kitu.

Sasa tuingie kwa kusimama, na hapa nitakaa kidogo, juu ni hapa pixi inashindwa ama inaomoka. Ukisimama wima juu ya maji unayaona ndani: tope, magugu, chupa ya doba. Ukichuchumaa, macho yako yakikaribia uso wa maji, maji yanageuka kioo, yanarudisha anga na boti. Si uchawi, ni vile mwanga unapiga maji kwa pembe ya chini na kuruka karibu wote. So wasee wanaambiwa "enda chini", wanaenda chini mpaka tumbo linagusa tope, na wanaua pixi kwa njia ingine. Ukienda chini sana, boti inapanda mpaka inagusa mstari wa ng'ambo. Boti nyeusi, matete meusi nyuma yake, vyote vinashikana, na hujui boti inaishia wapi. Unadai kaukanda ka maji safi kazunguke boti yote, juu na chini. Mimi hucheza na magoti: nachuchumaa, naangalia ncha ya boti na ule mstari, napanda pole pole hadi zinaachana, nastop. Wakati mwingine tofauti ni upana wa kiganja. Hiyo kiganja ndio inafanya boti ionekane iko peke yake duniani.

Kivuli cha boti kwa maji nacho usikikate. Kama boti iko kwa pixi, kivuli chake kiko kwa pixi, chote, hadi ncha. Na ukikichunguza utaona kivuli ni cheusi kuliko boti yenyewe, juu maji yanarudisha mwanga kiasi na kingine yanameza. Iyo ni kawa. Usiingie kwa programu ukijaribu kuvisawazisha, jicho linajua kuna kitu si poa hata kama mdomo hauwezi kusema ni nini. Na kama una ile filta ya polaraiza ya kamera kubwa, iache kejani. Kazi yake ni kuondoa mng'ao wa maji, na mng'ao ndio umekuja kutafuta.

Fon sasa. Simu za siku hizi zina roho safi kupita kiasi. Ikiona giza inadhani uko kwa shida, inakuwashia taa. Kipimo chake cha mwanga kinaamini dunia yote ni kijivu cha katikati, so ukiielekeza kwa ziwa la saa kumi na mbili inavuta kila kitu juu mpaka ngware inakaa saa sita mchana. Ile HDR inashika pixi kadhaa na kuzichanganya ndio kila kivuli kifunguke. Modi ya usiku nayo inangojea sekunde kadhaa, na boti hata ikitikisika kidogo unaipata na mapacha. Zima hizo vitu kama fon inakuruhusu. Gusa mahali pa mwanga zaidi, anga ama ukingo wa boti wenye mng'ao, shikilia hadi ilock, halafu teremsha kale kajua kadogo pembeni. Teremsha mpaka uogope kidogo. Hapo karibu ni sawa.

Kama fon ina modi ya pro, ISO iweke chini, mia moja hivi, na uisimamishe kwa kitu. Tripodi za simu ziko Luthuli, lakini jiwe na mavin uliyoivua zinafanya kazi hiyo hiyo. Weka taima ya sekunde mbili ndio kidole chako kisitikise. Rangi: simu itajaribu kupasha joto, kufanya kila kitu kiwe cha manjano. Kataa. Ile bluu ya kabla ya jua ni ya ukweli, haujaivumbua wewe.

Na hii maneno ya kuacha vitu vizame gizani si fashoni ya juzi. Mwaka 1856 Mfaransa anaitwa Gustave Le Gray alichapa pixi ya merikebu moja baharini, mawingu juu, kamera ameielekeza upande wa jua. Kila kitu kikazama, merikebu ikabaki kivuli, na maji tu ndio yakashika ule mwanga. Watu waliiona wakasema hiyo ni mbalamwezi, na jina la mbalamwezi likaigandia. Ilikuwa mchana! Enzi hizo negativu ni kioo, unakipaka dawa, unakitumia kikiwa bado kimelowa, hakuna kucheki skrini. Ilionyeshwa London mwaka huo huo na ikasumbua mji. Kwa pixi zingine za bahari jamaa alikuwa anatumia negativu mbili, moja ya anga na moja ya maji, anazishikanisha pale kwa mstari wa upeo. So hiyo HDR fon yako inajigamba nayo, msee aliifanya kwa mkono kabla shosho ya shosho yako azaliwe. Doo ndio ilimshinda. Studio yake ya Paris ilizama kwa madeni, 1860 akahepa, akaishia Misri, na alidedi Cairo 1884. Wapiga picha na madeni, hiyo stori ina umri.

Turudi Kamere, juu boti ina mwenyewe. Usijifanye uko kwa mbuga unachapa swara. Asubuhi hiyo wasee wako kazi: neti zilitegwa, zinatolewa, samaki wanapimwa, wanunuzi wanasumbua bei. Salimia kwanza. Na mzee wa miaka sitini ni mzee, usimuite buda ati juu uko na hudi. Mimi na mmoja ilienda hivi:

"Mzee, habari ya asubuhi. Samahani, naweza piga boti yako picha?"

"Boti ama mimi?"

"Boti. Na wewe pia ukitaka."

"Mimi nikinuka samaki hivi? Piga boti. Kamba tu usiguse."

Alafu akaongeza, akiwa ameinamia neti, haniangalii: "Wengi huja hapa wanapiga. Sijawahi ona hata moja."

Nitarudi kwa hiyo. Ukidai kuingia majini, kodi boti, elewaneni bei na muda mkiwa bado mmesimama nchi kavu, na uvae lifujaketi hata kama inaharibu luku. Mwambie kapteni nia yako mapema: hutaki kuona viboko wala ndege, unataka kukaa. Akifika mahali umechagua, azime injini, na mngoje. Mawimbi ya boti yenu yatachukua muda yafike ukingoni na kuisha. Makapteni wengi watakushangaa dakika za kwanza. Baadaye watakuonyesha wenyewe mahali maji hayaguswi na upepo, nyuma ya matete, na hiyo ni siri huwezi pata Gramu.

Na viboko si maneno ya kutisha watoto. Usiku kiboko anatoka kwa maji kula nyasi, ngware anarudi. Wewe pia ngware uko ukingoni, gizani, umechuchumaa, jicho moja limefungwa. Ukikaa kati yake na maji, yeye hatazunguka. So usiwahi tembea ukingo peke yako kabla kupambazuke, uliza wavuvi walikuwa wapi jana, na ukiskia mkoromo ama matete yanavunjika, pixi iachwe. Wenyeji wa Naivasha wamezika watu juu ya hiyo stori. Hakuna boti ina mood ya kutosha kufia.

Kuna kitu ingine lazima niseme hapa. Si kila boti kwa maji yametulia ni ya kuchapa hivi. Kihoto, mtaa hapo hapo Naivasha, maji ya ziwa yaliingia hadi kwa nyumba 2020, na 2025 yakarudi. Boti zikabeba watu na magodoro yao kutoka kwa milango. Maji yalikuwa tuli, anga kijivu, mabati yanajiangalia kwa maji, na niliona mapixi ya hapo yamepakwa ile bluu ya huzuni, yamewekewa na ngoma ya piano chini. Apana. Kama unaenda kuonyesha watu kile kilitokea, onyesha wazi, weka mahali na tarehe, funua giza lote. Huko giza ni kuficha. Mtu amepoteza keja si vaibu.

Haya, umetoka na mapixi yako, uko kwa mathree unarudi tao. Usiediti ukiwa na brightness ya mwisho, juu hapo kila kitu kinakaa kina mwanga na ukiipunguza baadaye unakuta umechora ukuta mweusi. Weka nusu. Snapseed ni ya bure na inatosha. Kwanza zungusha kidogo hadi ukingo wa ng'ambo ulale sawa, maji yakiinama hata kidogo tu msee anahisi boti inamwagika. Halafu shusha rangi badala ya kupandisha. Nyeusi iache iwe nyeusi mahali fulani, chini ya boti, ndani ya matete. Tumia ile tool ya kuchagua sehemu moja, gusa ukingo wa boti tu, pandisha mwanga kakidogo, acha. Ukijipata unapandisha na matete, na anga, na kivuli, weka fon chini uangalie dirisha.

Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ikienda kama picha ya kawa inabanwa, na zile rangi za giza zinazobadilika pole pole ndio huumia kwanza, zinageuka mistari mistari. Watu watadhani fon yako ni ya kuokota.

Wasee wa Pwani najua mnacheka. Ni kweli, ngalawa na jahazi zina umbo boti yetu ya faiba haiwezi kuota. Lakini nyinyi mna kusi, na Julai kusi haimpi mtu kioo. Mkitaka maji ya kulala, ngojeni tanga mbili, zile wiki kati ya kusi na kaskazi, ama mwingie ndani ya mikoko mahali upepo haufiki, na mkumbuke maji kupwa huwaachia boti imelala ubavu kwa tope. Wasee wa Kisumo mna Dunga, na boti za mbao zenye majina na rangi za kutosha. Hizo rangi mkizipata chini ya wingu zito la jioni, zitawaka zenyewe bila filta. Mimi sina kinyongo. Kila mtu achape kwao.

Ya mwisho ni deni, ile ya mzee kusema hajawahi ona hata moja. Ukiomba boti ya mtu, mletee pixi yake, na si kwa fon, kwa karatasi. Wasee wa kuprint wako tao kila kona na saizi ndogo haifiki bei ya soda na smokie. Kumbuka tu skrini ina taa nyuma na karatasi haina, so pandisha mwanga kidogo kabla uprint, la sivyo utampelekea mzee usiku mtupu na atakuuliza boti yake iko wapi. Iweke kwa bahasha ya plastiki, hapo kwake kila kitu kinalowa. Kama huwezi rudi, mpe kapteni mwingine amfikishie. Lakini ifike.